Nyenzo za kumsaidia mtoto mwenye disleksia zipo, shule ndizo hazijazikubali

MTOTO wa Gredi ya Nne anatakiwa asimame asome aya moja ya kitabu cha Kiswahili. Anaanza silabi ya kwanza, anasita, anarudi nyuma, anakisia neno kutokana na herufi yake ya mwanzo, na kabla hajafika kwenye nukta wenzake wamekwisha kuangua kicheko. Mtoto huyo huyo, akiulizwa kwa mdomo jinsi mvua inavyotokea au chenji inayopaswa kurudi dukani, hujibu kabla ya wengine kuinua mikono. Ni mwalimu gani wa shule ya msingi humu nchini ambaye hajawahi kukutana na mwanafunzi kama huyo? Mara nyingi huitwa mvivu. Nyakati nyingine huchapwa, ingawa adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka wa 2001 na marufuku hayo kutiliwa nguvu na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

Wataalamu huliita tatizo lake disleksia. Ni sehemu ya kundi kubwa zaidi la matatizo yanayojulikana kama ulemavu wa kujifunza. Kundini humo pia mna diskalkulia, ambapo mtoto hushindwa kushika maana ya nambari na kuzilinganisha, na disgrafia, ambapo mkono na fikra hukataa kwenda sambamba wakati wa kuandika. Baadhi ya watoto huwa na matatizo mawili kwa pamoja, na si wachache ambao juu ya hayo huwa na ugumu wa kutulia na kuwa makini. Makadirio yanayotumiwa sana na watafiti huweka disleksia pekee kati ya asilimia 5 na 10 ya watoto, kutegemea mahali ambapo mpaka unawekwa kati ya kusoma polepole na kushindwa kusoma. Katika darasa la wanafunzi 60, hao ni watoto watatu hadi sita.

Si jambo geni wala si maradhi ya kisasa yaliyoletwa na runinga. Jina lenyewe lilibuniwa mwaka wa 1887 na Rudolf Berlin, daktari wa macho nchini Ujerumani. Miaka tisa baadaye, daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu na asiyetatizwa na hesabu, ambaye licha ya miaka mingi ya kufundishwa hakuweza kusoma ila maneno machache mepesi. Mwalimu wa mvulana huyo alikuwa na maoni kwamba angewashinda wote shuleni laiti masomo yangetolewa kwa mdomo tu. Zaidi ya karne moja baadaye, maoni ya mwalimu huyo yanaeleza vizuri kazi ya teknolojia saidizi, yaani kumfikishia mtoto masomo kwa mlango mwingine huku akiendelea kufundishwa kusoma.

Mkanganyiko mkubwa huanzia kwenye istilahi. Ulemavu wa kujifunza si ulemavu wa akili. Nchini Marekani, ambako Samuel Kirk aliipa istilahi hiyo umaarufu katika mkutano wa wazazi mjini Chicago mwaka wa 1963, inamaanisha mtoto ambaye akili yake ni timamu lakini hukwama katika ujuzi mahsusi kama vile kusoma au kuhesabu. Nchini Uingereza, maneno hayo hayo hutumiwa kumaanisha upungufu wa akili kwa jumla. Mwanafunzi wa ualimu anayesoma vitabu vya pande zote mbili bila kuelezwa tofauti hiyo hawezi kulaumiwa akitoka chuoni na picha iliyovurugika. Anayeumia ni mtoto. Hupelekwa katika kitengo maalumu cha shule na kuchanganywa na watoto wanaofundishwa kufunga vifungo vya shati, au huachwa katika darasa la kawaida akishika mkia mwaka baada ya mwaka bila yeyote kuuliza sababu. Mfumo wa Mtaala wa Umilisi (CBC) uko wazi kuhusu jambo hili, kwani unawaweka wanafunzi wenye ulemavu wa kujifunza miongoni mwa wale wanaofuata mtaala wa kawaida, mradi wafanyiwe marekebisho yanayofaa.

Kwa nini basi hawatambuliwi mapema? Jibu moja ni kwamba wamejificha katika umati. Ripoti ya shirika la Usawa Agenda ya 2021 ilionyesha kwamba ni wanafunzi wawili tu kati ya kila watano wa Gredi ya Nne walioweza kusoma kifungu cha Kiingereza cha kiwango cha Gredi ya Tatu. Mahali ambapo wengi wa darasa hawasomi vizuri kwa sababu ya msongamano, uhaba wa vitabu, njaa na utoro, mtoto mwenye disleksia haonekani kuwa tofauti na wengine. Sensa nayo haikusaidia. Ile ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi kuwa na ulemavu, lakini maswali yake yalihusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Mtoto ambaye hukumbuka kila kitu isipokuwa umbo la maneno hakuwa na kisanduku chake.

Jibu la pili, ambalo halizungumziwi vya kutosha, linahusu lugha. Disleksia haitokani na macho. Kiini chake, kwa wengi, ni ugumu wa kuzichambua sauti zilizo ndani ya neno na kuziunganisha na herufi. Lugha hutofautiana sana katika namna zinavyomwadhibu mtoto mwenye ugumu huo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 na Philip Seymour na wenzake, watoto wa lugha kadhaa za Ulaya zenye tahajia nyoofu walisoma sahihi zaidi ya maneno tisa kati ya kumi mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza shuleni, ilhali watoto wa Scotland waliokuwa wakijifunza Kiingereza walisoma takriban thuluthi moja tu. Utafiti mwingine, wa Eraldo Paulesu na wenzake mnamo 2001, ulilinganisha Waitaliano, Wafaransa na Waingereza wenye disleksia. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao, lakini picha za ubongo zilionyesha udhaifu ule ule kwa wote watatu.

Kiswahili kiko upande wa Kiitaliano. Irabu zake tano hazibadiliki sauti, na ukiondoa herufi ambatani kama vile ng', dh na gh, karibu kila herufi hutamkwa kama inavyoandikwa. Kwa hivyo mtoto wa Kenya mwenye disleksia anaweza kusoma Kiswahili bila makosa mengi, ila kwa mwendo wa kinyonga. Kizuizi chake ni urefu wa maneno. Kitenzi kama "watakapowatembelea" kikisomwa silabi moja moja, mwanzo wake huwa umesahaulika kabla mwisho haujafikiwa. Mwalimu husikia usahihi, hasikii uchovu. Kisha mtoto huyo hufungua kitabu cha Kiingereza, lugha ambayo mfuatano mmoja wa herufi unaweza kuwa na sauti nne au tano, na hapo huporomoka kabisa. Uamuzi unaotolewa ni kwamba Kiingereza kimemshinda na aongeze bidii. Isitoshe, kuanzia Gredi ya Nne masomo yote isipokuwa Kiswahili na lugha nyinginezo hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, hivi kwamba mtihani wa sayansi kwake ni mtihani wa kusoma kwanza na wa sayansi baadaye.

Zipo dalili ambazo mzazi anaweza kuziona kabla ya umri wa miaka minane. Mtoto hachezi kwa urahisi na maneno yenye vina, hukawia kukariri siku za juma kwa mpangilio, husahau majina ya herufi alizofunzwa jana, na huwa stadi wa kukwepa kusoma kwa kuumwa tumbo au kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Kuchanganya b na d peke yake si hoja, kwa kuwa watoto wengi wadogo hufanya hivyo. Aidha, tatizo hili hurithiwa katika familia. Baba anayemwachia mkewe kazi ya kusoma barua zote za shule huenda akawa ndiye ushahidi wa kwanza. La msingi ni kupima macho na masikio kabla ya jambo jingine lolote, kisha kuangalia kama mtoto anaendelea kukwama hata baada ya kufundishwa vizuri na kwa subira. Anayeinuka baada ya miezi michache ya mafunzo ya ziada alikosa mafunzo tu. Asiyeinuka anahitaji tathmini.

Tathmini ndiyo kikwazo. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vinavyojulikana kama EARC, vilianzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, na miaka miwili baadaye ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) iliyoko Kasarani, Nairobi. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa hatua ambayo mataifa mengi ya Afrika hayakuwa nayo. Hata hivyo, vituo hivyo vilijengewa sifa katika kupima kuona, kusikia na ulemavu wa viungo. Kupima disleksia kunahitaji afisa aliyefunzwa, saa kadhaa na mtoto mmoja, na zana zilizotayarishwa kwa lugha ambazo mtoto anazijua. Zana nyingi zinazotumika duniani zilitungwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza na Marekani. Mtoto wa Lodwar anayeshindwa kulitaja jina la kitu ambacho hajawahi kukiona hajathibitisha lolote kuhusu ubongo wake. Wazazi wenye uwezo huwalipa wanasaikolojia wa kibinafsi jijini Nairobi na kuwapeleka wana wao katika shule za kimataifa zenye idara za kuwasaidia. Mashirika ya wazazi na shule chache kama vile Rare Gem Talent ya Kitengela, Kaunti ya Kajiado, yamejaribu kuziba pengo kwa wengine, lakini pengo ni la nchi nzima.

Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo si lazima ziwe za bei ghali. Kipande cha kadi kilichokatwa dirisha la mstari mmoja humzuia mtoto kupotea ukurasani. Daftari la miraba huziweka tarakimu za hesabu katika safu zake, jambo ambalo kwa mwenye diskalkulia au disgrafia hupunguza makosa. Vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia vina kazi hata katika gredi za juu, ambako huonekana vya kitoto na kutupwa. Herufi kubwa, nafasi pana kati ya mistari na mwalimu asiyemlazimisha mtoto kunakili ubao mzima havigharimu chochote zaidi ya uamuzi.

Juu ya hivyo kuna kifaa ambacho tayari kimo mfukoni mwa wazazi wengi. Simu ya kisasa ya mfumo wa Android au ya Apple huwa na uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti bila kununua chochote cha ziada. Sauti ya Kiswahili imo katika programu ya Google ya kusoma matini, na tangu Agosti 2017 Kiswahili kimo katika lugha ambazo Google huzibadilisha kutoka usemi hadi maandishi. Mtoto mwenye mawazo tele lakini anayeogopa kalamu anaweza kusimulia insha yake na kuyaona maneno yakijipanga. Programu kama Google Lens hupiga picha ya ukurasa na kuyatoa maandishi yake yasomwe kwa sauti. Kwenye tarakilishi, Microsoft imeweka bila malipo katika kivinjari chake kisomaji kinachokata maneno kwa silabi, kupanua nafasi na kuangaza kila neno linapotamkwa. Kwa mtoto anayeona na kusikia neno kwa wakati mmoja, hilo huwa pia zoezi la kusoma.

Sifa hizi zisipigiwe chuku. Sauti hizo hukwama kwenye majina ya watu na ya mahali, Sheng huzishinda kabisa, na programu za kuandika usemi huwasikia watu wazima vizuri kuliko watoto, hasa katika darasa lenye kelele. Zipo pia bidhaa zinazouzwa kwa wazazi waliokata tamaa ambazo uthibitisho wake ni hafifu. Miwani ya rangi ni mojawapo. Hati ya OpenDyslexic, iliyoanza kutolewa bila malipo mwaka wa 2011, haina madhara, lakini tafiti zilizoipima hazikupata kwamba huongeza kasi au usahihi wa kusoma. Muhimu zaidi, hakuna kifaa kinachomfunza mtoto kusoma. Kazi hiyo hufanywa na mwalimu anayefunza sauti na herufi hatua kwa hatua, kwa kurudiarudia, katika kikundi kidogo. Shule inayompa mtoto kishikwambi na kuacha kumfunza kusoma imemtupa kwa njia ya heshima.

Pamoja na mipaka hiyo, ni vigumu kueleza kwa nini nyenzo hizi zimebaki nje ya lango la shule. Kenya ilipoanzisha mradi wa elimu dijitali mwaka wa 2016, zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Katika shule nyingi vimeishia kufungiwa kabatini, vingine kwa kukosa umeme, vingine kwa hofu ya wezi. Simu nazo zimepigwa marufuku kwa wanafunzi, kwa sababu zinazoeleweka, ila marufuku hayo hayakumwazia mtoto ambaye simu kwake ni miwani. Vitabu vya kiada huchapishwa kwa karatasi, na pale nakala za kielektroniki zinapopatikana, baadhi huwa ni picha tu za kurasa, ambazo programu za kusoma haziwezi kuzipitia moja kwa moja. Kenya ilijiunga mwaka wa 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika miundo inayofikika bila idhini ya mchapishaji. Wengi hudhani mkataba huo ni wa vipofu pekee, kumbe unawataja pia watu wenye ulemavu wa kusoma. Ni haki ambayo imelala kwenye karatasi bila anayeidai.

Kizingiti kikubwa kuliko vyote ni mtihani. Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) lina desturi ya miaka mingi ya kuwaandalia watahiniwa wasioona maandishi ya nukta nundu, wenye uoni hafifu herufi kubwa, na wenye mahitaji maalumu muda wa ziada. Kwa upande wa disleksia, wazazi na watetezi wamekuwa wakilalamika kwamba wana wao hutahiniwa kana kwamba hawana tatizo lolote. Ulemavu usioonekana kwa macho hudaiwa ushahidi ambao, kama ilivyoelezwa, mfumo wenyewe hauwezi kuutoa kwa urahisi.

Wapo wanaohoji kwamba kumsomea mtahiniwa maswali ni kumpa upendeleo. Hoja hiyo ina uzito mahali pamoja tu, yaani katika karatasi inayopima kusoma kwenyewe. Uingereza imelishughulikia hilo kwa busara. Katika sehemu zinazopima kusoma, mtahiniwa haruhusiwi kusomewa na mtu, lakini anaweza kuruhusiwa kutumia programu ya tarakilishi isiyoongeza mkazo wala kufafanua, na muda wa ziada hutolewa kwa kiwango ambacho kwa kawaida hakizidi asilimia 25. Katika karatasi za sayansi, historia na hisabati, msomaji hukubaliwa, kwa kuwa kinachopimwa ni ujuzi wa somo. Hakuna mkuu wa shule anayemwondoa mtoto miwani usoni ili kuhakikisha usawa katika mtihani wa jiografia.

Sheria za Kenya, kwa kweli, zimekwenda mbele kuliko desturi za shule zake. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa na nyenzo za kukabiliana na vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilipisha mpya iliyotiwa saini Mei 2025. Fedha ndizo hazijafuata. Kiwango cha Sh1,420 kwa mwaka kilichowekwa kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi chini ya mpango wa elimu bila malipo hakinunui hata kishikwambi cha bei ya chini, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF ya 2022 ilisema kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi ambao huvipata. Hata hivyo, kwa disleksia fedha si kisingizio kamili, maana sehemu kubwa ya kinachohitajika tayari imenunuliwa au ni ya bure. Kinachokosekana ni waraka mmoja wa wizara unaotofautisha kifaa cha kusomea na simu ya kuchezea, na mwongozo wa KNEC unaotaja ulemavu wa kujifunza kwa jina, pamoja na ushahidi unaotakiwa na aina ya usaidizi unaotolewa.

Mabadiliko ya mitihani yametoa nafasi ya kufanya hivyo. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na ule wa KJSEA wa Gredi ya Tisa ukaanza 2025. Katika alama za kuingia shule ya upili ya juu, asilimia 60 hutokana na KJSEA, asilimia 20 na mtihani wa KPSEA wa Gredi ya Sita, na asilimia 20 na tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya Saba na ya Nane. Maana yake ni kwamba mtoto ambaye tatizo lake halijajulikana kufikia Gredi ya Sita huwa ameanza kupoteza alama miaka mitatu kabla ya mtihani mkuu. Usajili wa watahiniwa nao hufanywa miezi mingi kabla ya mtihani, na mahitaji maalumu hutajwa wakati huo. Mzazi anayeshuku kwamba mwanawe ana disleksia anafaa kuomba barua ya mwalimu na kumfikisha katika kituo cha EARC cha kaunti ndogo yake mtoto angali katika gredi za chini, ili ripoti iwe katika faili ya shule usajili utakapofunguliwa.